Mwaka wa Mchuchumio

Jamhuri ya Tambarare haina mlima. Haina kilima, haina hata kichuguu kinachofika kiunoni, maana vichuguu vyote vilisawazishwa na Wizara ya Ujenzi kabla greda halijaishiwa mafuta. Mahali pa juu kuliko pote katika nchi hiyo ni jukwaa la Uwanja wa Gwaride, ngazi saba, na anayesimama juu yake huitwa Kilele. Hicho ni cheo. Jina lake lipo, lakini limekatazwa kutumika lisije likachakaa.

Nchi hiyo iko wapi sitasema. Msomaji akidhani ameitambua, amekosea, na namwomba asimwambie mtu.

Watu wa Tambarare wana desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwaka, tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili, saa tatu asubuhi, mzinga ukilia, Kilele hupigwa Picha. Hupigwa mara moja tu. Kurudia ni kukiri kwamba ya kwanza ilikosewa, na serikali ya Tambarare haijawahi kukosea. Baada ya wiki Picha huzinduliwa, hutundikwa katika kila ofisi, kila shule na kila bucha, na kwa mwaka mzima kila mwanamume mwenye cheo, kuanzia waziri hadi mshika ufunguo wa choo cha stendi, hutakiwa kufanana nayo. Si sura, maana serikali hiyo haidai yasiyowezekana. Ni mavazi na mkao. Iko Wizara ya Ufanano kwa kazi hiyo, na wakaguzi wake hutembea na nakala ndogo ya Picha mfukoni. Mkaguzi anakutazama wewe, anaitazama Picha, anakutazama tena.

Mwaka mmoja Kilele alipigwa Picha akiwa na jino bovu, shavu la kushoto limeumuka. Mwaka mzima maofisa walishindilia pamba shavuni. Mahakimu walisoma hukumu na pamba mdomoni, na wapo watu walioachiwa huru wakaenda jela kwa miguu yao kwa sababu hawakusikia vizuri. Mwaka uliofuata nzi alitua begani mwa Kilele mpiga picha alipobonyeza. Ikabidi watengenezwe nzi wa kubandika kwa pini, na kiwanda kile cha nzi ndicho pekee Tambarare kilichowahi kumaliza oda kwa wakati.

Kwa hiyo mwaka wa viatu ulipofika, watu walikuwa wameshazoea.

*

Kilele alikuwa amewahi kutoa hotuba iliyoliza taifa. "Mimi ni mtu wa kawaida!" alisema. "Nina jozi moja tu ya viatu!" Na ilikuwa kweli. Magari alikuwa nayo kumi na saba, pamoja na moja la kubebea matairi ya mengine, lakini viatu alikuwa na jozi moja, vyeusi, vya kamba, bapa kama nchi yenyewe, namba arobaini na mbili. Ndani ya kila kimoja palipigwa muhuri: MALI YA KILELE.

Jozi hiyo ilikuwa na idara yake. Mkuu wa idara aliitwa Mtunza Viatu wa Taifa, akiwa na naibu wa mguu wa kulia na naibu wa mguu wa kushoto, ambao hawakuwa wakisalimiana. Mtunza Viatu wa wakati huo alikuwa Shomvi Kilindo, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mpole, mwenye siri moja. Hakujua kung'arisha viatu. Kila jioni ya kazi aliviweka katika mfuko wa mkate, akavipeleka kwa mama yake Mtaa wa Tatu.

Mama yake, Bi. Siwema, alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji alikuwa ameipokea kwa mikono yake, na nusu nyingine alikuwa ameisema.

"Una miaka arobaini na mmoja," alimwambia mwanawe, akishika brashi. "Kazi yako ni viatu viwili. Na bado naving'arisha mimi."

"Mama, wewe una mkono."

"Na hiyo miwili uliyo nayo wewe ni ya nini? Ya kushikia mfuko? Weka hapo, ukale."

Akishamaliza, aliviweka chini ya kitanda chake ili dawa ya viatu ikauke bila vumbi, na asubuhi Shomvi alivichukua kabla ya kwenda kazini. Utaratibu huo uliendelea miaka tisa bila hitilafu. Mwaka wa kumi, asubuhi ya Siku ya Picha, Shomvi aliamka amechelewa, akafunga tai mpya, akashika mfuko wa mkate, akakimbia. Ikulu alipoufungua, alikuta mkate.

Kilele alikuwa ameshavaa suti na mshipi wa taifa, miguuni ana soksi.

"Viatu?"

"Vinang'arishwa, Mtukufu."

"Vitakuja lini?"

"Viking'aa, Mtukufu."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Mke wa Kilele, mwanamke mrefu mwenye miguu sawasawa na ya mumewe, alionyesha viatu vyake vilivyokuwa mlangoni: mchuchumio mwekundu, kisigino sentimita kumi na moja.

"Vaa hivyo," alisema. "Kila mwaka wanakukatia kifuani. Nani ataona?"

Ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Hakuna aliyejua kwamba Bwana Kabwe, Mpiga Picha wa Taifa, alikuwa ameletewa lenzi mpya na wafadhili, ambayo ilichukua mtu kuanzia nywele hadi sakafu. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha lugha asiyoijua. Mzinga ulilia. Bwana Kabwe akabonyeza.

*

Sheria inakataza mtu yeyote kuiona Picha kabla ya uzinduzi. Wiki ilipotimia, pazia lilishushwa mbele ya baraza la mawaziri, mabalozi na bendi ya polisi. Kilele alionekana mzima, kuanzia nywele hadi mchuchumio mwekundu. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mjumbe mmoja alikohoa, na jina lake limehifadhiwa.

Kilele alifungua kinywa aseme kwamba kulitokea hitilafu ndogo. Lakini Waziri wa Ufanano, Dakta Msengi, alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Yeye hupiga makofi kwanza, sababu huitafuta baadaye.

"Waheshimiwa!" alisema. "Nchi yetu ni tambarare. Imekuwa tambarare tangu kuumbwa! Wengine wana milima, sisi tuna nini? Leo Kilele ametujibu. Hakusema kwa maneno, amesema kwa visigino! Anatuambia: Inukeni! Inukeni kutoka nyuma! Kidole kibaki chini pamoja na wananchi, kisigino kiende juu pamoja na maendeleo!"

Ukumbi ulisimama na kushangilia dakika kumi na moja, moja kwa kila sentimita. Kilele alifunga kinywa. Alijiambia atawaeleza kesho. Kesho yake mawaziri wote waliingia kikaoni kwa mchuchumio mwekundu, wakishikana mabega kama watu wanaovuka mto, na Kilele alipowaona akaingiwa na wasiwasi kwamba huenda wanajua jambo asilolijua yeye. Naye akavivaa tena. Mlangoni mkaguzi alimtazama yeye, akaitazama Picha, akamtazama tena, akampigia saluti.

*

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kutoka geti la Wizara ya Fedha hadi mlangoni ni hatua sitini, na watumishi walioingia getini saa mbili walifika mlangoni saa nne. Trafiki wa mzunguko mkuu akigeuka kuruhusu magari ya upande wa pili, alikuwa hawezi kusimama tena, anaendelea kuzunguka, na magari yote yanapita kwa pamoja. Askari waliokimbiza wezi waliachwa mbali mno hata wezi wakaona aibu, wakawa wanawasubiri kwenye kona.

Shomvi na mama yake peke yao ndio waliojua viatu vya taifa viko wapi. Wiki nzima ya kusubiri uzinduzi aliogopa kukiri; siku ya pili baada yake alijaribu kuvirudisha. Alifika getini Ikulu na mfuko wake wa mkate, akaona wakaguzi wawili wanampekua balozi. Balozi alikuwa na raba za mazoezi ndani ya mkoba. Raba hazimo katika Picha. Zilitupwa nje ya ukuta, na balozi akazifuata. Shomvi aligeuka, akarudi Mtaa wa Tatu, akaviweka tena chini ya kitanda.

"Utavipeleka lini?" mama yake alimwuliza.

"Mambo yakitulia."

"Mambo hayatulii yenyewe, Shomvi. Si maziwa hayo."

Yeye Bi. Siwema hakuwa na nafasi ya kubishana. Uani kwake wanaume walikuwa wamepanga foleni. Malengelenge, sugu, vifundo vilivyoteguka. Aliweka mabeseni kumi na sita ya maji ya moto na chumvi.

"Shikamoo, Bi. Mkunga."

"Marahaba. Vua. Ingiza miguu. Usilie."

Alipochoka kuwakanda, akaanza kuwafundisha kutembea, kwa kuwa ndiyo njia ya kupunguza foleni. Asubuhi ungewakuta ishirini, wenye suti, wakienda na kurudi kutoka kisimani hadi kwenye kamba ya nguo.

"Kisigino kwanza, halafu vidole! Mkurugenzi, unatembea kama kuku aliyetolewa kwenye maji. Shingo juu! Jaji, ingiza tumbo."

"Nimeshaliingiza, Bi. Mkunga."

"Basi hilo lililobaki nje ni la nani?"

Wanawake wa Tambarare hawakusema mengi mwaka huo. Waliulizwa tu, na wakajibu. Mke wa bwana posta aliombwa na mumewe amkande miguu.

"Mimi nilivivaa kwenye harusi ya dada yako," alimjibu, "tangu saa sita mchana hadi jioni, na mtoto mgongoni. Unakumbuka ulisema nini?"

"Sikumbuki, mke wangu."

"Ulisema nitembee haraka, chakula kinapoa."

Bwana posta alijikanda mwenyewe.

*

Kufika mwezi wa nne wanaume walikuwa wamejua kutembea navyo. Na walipojua, wakapenda. Hili serikali haikulitarajia. Hata wasio na cheo, ambao sheria haikuwahusu, walianza kuvivaa: mafundi baiskeli, wauza nazi, makocha, wachinjaji. Kinyozini hukusikia tena habari za mpira.

"Kaka, hivyo umetoa wapi?"

"Hivi? Vya kawaida tu. Vina mkanda wa kifundoni. Vinashika."

"Mimi navaa vya mbele wazi. Vidole vinapumua."

"Vya mbele wazi hujengi navyo. Mimi napanda ngazi na ndoo ya zege."

"Na kisigino chembamba?"

"Chembamba cha sikukuu. Kazini, kinene. Sikiliza nikwambie, na hii misuli ya shavu la mguu nimeipata hivihivi. Shika. Shika, usione haya."

Mabwana shamba ndio waliolipa taifa faida. Walipokagua mashamba kwa mchuchumio, kila hatua iliacha tundu la sentimita kumi na moja, kwa mstari, kwa nafasi iliyo sawa. Wake zao waliwafuata nyuma wakidondosha mahindi. Tambarare haikuwahi kupata mavuno kama hayo. Wizara ya Kilimo, ambayo ilikuwa inasubiri matrekta kwa miaka kumi na minane, ilitoa tamko kwamba matrekta ndiyo haya.

Kwa hiyo nchi nzima ilifurahi, isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Shomvi. Wa pili alikuwa Kilele. Kila mwanamume wa Tambarare alikuwa na uhuru wa kwenda kuloweka miguu uani kwa Bi. Siwema na kufokewa. Kilele hakuwa nao. Hakuna aliyemfundisha, maana hakuna aliyethubutu kufikiri kwamba hajui. Alipepesuka Ikulu peke yake, miguu imemvimba, na alipokutana na Shomvi kwenye korido alimnong'oneza:

"Bado vinang'arishwa?"

"Bado, Mtukufu."

"Sasa vinang'aa mno, nadhani."

"Mno, Mtukufu."

*

Mwezi wa tisa Dakta Msengi alimkuta mume wa dada yake amepumzika sebuleni kwa kandambili. Waziri hakulala. Asubuhi alipeleka bungeni Sheria ya Viatu Bapa. Kiatu chochote bapa cha kiume kilikuwa uasi. Wananchi walipewa siku saba kuvisalimisha vichomwe, na atakayekutwa navyo baada ya hapo angefungwa miaka sawasawa na namba ya kiatu. Wabunge wenye miguu midogo walipiga kura ya ndiyo kwa nguvu.

Shomvi alifika kwa mama yake anahema.

"Mama, tuvichome."

"Vya nani?"

"Vya Kilele!"

"Mtu ameniachia kitu chake nimtengenezee, mimi nikichome? Nimekulea hivyo?"

"Mama, ni namba arobaini na mbili. Una miaka sabini. Utatoka una miaka mia na kumi na mbili."

"Nitakuwa nimepumzika."

"Basi vikikutwa nitasema ni vyangu."

"Wewe miguu yako thelathini na tisa."

"Nitasema vinanipwaya!"

Bi. Siwema alimtazama mwanawe. Hakuwa amemwona akisimamia jambo tangu alipokuwa darasa la pili.

"Kaa ule," alisema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida. "Vitakwenda kwa mwenyewe. Lakini vitakwenda kwa mlango wa mbele."

Wapekuzi walifika Jumanne saa nne asubuhi. Inspekta Ngwatu alikuja na makonstebo wawili, wote watatu kwa mchuchumio mwekundu, wakitembea vizuri, maana walikuwa wahitimu wa uani hapohapo.

"Shikamoo, Bi. Mkunga. Tunapekua. Samahani sana. Una viatu bapa vya kiume?"

"Marahaba. Ninavyo."

Inspekta hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya "hapana" tu.

"Viko wapi?"

"Chini ya kitanda."

Makonstebo walitazamana. Kuinama kwa sentimita kumi na moja si kazi ya mtu mwenye familia. Inspekta, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipiga magoti, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akavifikia viatu, na hapo akakwama. Akirudi nyuma, visigino vinakita sakafuni. Akienda mbele, kuna ukuta.

"Bi. Mkunga," sauti ilitoka chini ya kitanda, "siwezi kutoka."

"Hata mara ya kwanza ulisumbua. Tulia. Usisukume mpaka nikwambie. Pumua. Pumua tena. Haya, sasa."

Kwa mara ya pili katika maisha yake Inspekta Ngwatu alitolewa na Bi. Siwema, safari hii akitanguliza miguu. Alikaa sakafuni, viatu vyeusi mkononi, vinang'aa hata akaona machozi yake mwenyewe. Kisha akaona muhuri. Akalia zaidi.

"Ni lazima nikukamate, Bi. Mkunga."

"Sasa unalia nini? Ngoja nivae khanga nyingine."

Walimpeleka kituoni. Yeye akiwa na kandambili zake, za kike, zisizo na kosa lolote, alitangulia kufika, akawasubiri robo saa.

*

Dakta Msengi alifurahi kupita kiasi. Aliamua hukumu isomwe Siku ya Picha, hadharani, juu ya jukwaa la Uwanja wa Gwaride, ili mzinga ukilia Kilele apigwe Picha mpya akiwa ndiyo kwanza ameshinda uasi. Hakumwuliza Kilele. Alimletea karatasi ya kusoma.

Uwanja ulijaa. Gwaride lilipita kwa mchuchumio, safi kabisa, mlio wake kama mvua ya mawe juu ya bati. Bwana Kabwe alisimama mbele na lenzi yake, kidole tayari. Juu ya jukwaa, Kilele alikuwa ameegemea ukingo kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka. Chini ya ngazi alisimama Bi. Siwema kati ya makonstebo, na kwenye mto wa zambarau, kama medali, vilikaa viatu.

"Mtuhumiwa," Dakta Msengi alisema kwenye kipaza sauti, "alificha chini ya kitanda chake silaha mbili za ubapa!"

"Ni zangu!" Shomvi alipasua safu ya watumishi wa Ikulu, akakimbia, na kwa kuwa hakuwahi kuhudhuria masomo ya mama yake, akaanguka mara mbili. "Ni mimi! Mimi nilivipeleka! Mama hana kosa. Mimi sijui kung'arisha viatu!"

Uwanja mzima ulishangaa. Naibu wa mguu wa kulia na naibu wa mguu wa kushoto walitazamana kwa mara ya kwanza.

Kilele hakuwa anamtazama Shomvi. Alikuwa anatazama mto wa zambarau.

"Mama," alimwambia Bi. Siwema, "kabla sijasoma, una neno?"

"Ninalo. Vua hivyo viatu."

"Kilele haamriwi!" Dakta Msengi aliruka.

"Nyamaza, Msengi. Ulizaliwa unapiga kelele, na mpaka leo hujapumzika."

Akachukua viatu kwenye mto, akapanda ngazi saba bila kushika ukingo. Mwaka huo hakuna mwingine aliyeweza. Walinzi walitaka kumzuia, lakini kila aliyemwangalia usoni alikumbuka beseni. Alifika juu, akaweka goti moja chini.

"Lete mguu."

Kilele alimshika bega, akaleta mguu wa kulia. Bi. Siwema alivua kiatu chekundu, akaufuta mguu kwa ncha ya khanga, akautazama.

"Mtu mzima. Umeuacha mguu ukafika hivi. Kwa nini hukusema?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na taifa zima lilisikia jibu.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Walipiga makofi."

Alimvisha kiatu cheusi, akafunga kamba, mafundo mawili. Akainuka. Kilele, mguu mmoja chini na mmoja juu, alianza kulala upande, ikabidi Bi. Siwema amdake kiwiko. Kwa mkono wa kushoto alimshikilia, na kidole cha mkono wa kulia akakiinua hadi puani mwake.

"Sasa nisikilize wewe," alianza.

Mzinga ukalia. Bwana Kabwe akabonyeza.

*

Waliobobea katika sheria walikaa siku tatu. Kiatu bapa kimo katika Picha, kwa hiyo si uasi. Mchuchumio umo, kwa hiyo haujaachwa. Na Bi. Siwema naye yumo, kuanzia kilemba hadi kandambili, na mtu aliyemo katika Picha hafungwi, maana yumo katika kila ofisi na ingebidi zifungwe zote. Aliachiwa. Shomvi naye aliachiwa, kwa kuwa katika kona ya chini ya Picha unaonekana mkono wake.

Kuhusu ufanano, Dakta Msengi alijaribu kuupunguza, lakini desturi ni desturi. Mguu wa kulia kiatu bapa cheusi, mguu wa kushoto mchuchumio mwekundu, na pembeni mwanamke mtu mzima ameshika kiwiko, kidole juu. Kila ofisa mwanamume alitakiwa kuja kazini na mama yake. Asiye na mama alipewa shangazi.

Mimi mambo ya utawala siyajui. Naeleza tu yaliyoonekana. Siku ya kwanza, katika ofisi ya ardhi, karani alikuwa amesimama upande, mama yake amemshikilia, na mbele ya dirisha yuko mwananchi mmoja.

"Anataka nini huyu?"

"Faili lake, mama. Nimemwambia arudi kesho."

"Faili liko wapi?"

"Hili hapa nimelikalia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa nzi."

"Inuka. Mpe mwenzio kitu chake. Na useme samahani."

Ilikuwa hivyo nchi nzima. Barabara iliyochimbwa ilifukiwa. Walimu waliingia darasani kengele ikilia. Katika baraza la mawaziri, mama yake Dakta Msengi, mwenye miaka tisini, alikuwa akimvuta koti na kusema, "Hilo umeshasema, kaa," na vikao vikawa vinaisha kabla ya chai. Kilele aliloweka miguu uani Mtaa wa Tatu kila Ijumaa, kwenye beseni la saba, zamu yake ikifika.

Mwezi wa kumi na mbili ulipokaribia, Bwana Kabwe alitoa taarifa kwamba lenzi ya taifa haionekani. Ile ya zamani pia haionekani. Mara ya mwisho aliziona siku Bi. Siwema alipopita studio kumjulia hali, akiwa na mfuko wa mkate.

Dakta Msengi aliamuru upekuzi. Inspekta Ngwatu alikwenda Mtaa wa Tatu akiwa na mama yake, akarudi na ripoti kwamba nyumba nzima ilipekuliwa na hakikuonekana kitu. Alipoulizwa kama aliinama kutazama chini ya kitanda, alijibu kwamba alitaka kuinama, lakini mama yake alimkataza.

Basi Picha ya mwaka ule ndiyo inayotundikwa hadi leo. Viatu sasa anang'arisha Shomvi mwenyewe, cheusi na chekundu. Mama yake huviinua juani, akavigeuza huku na huku, akasema bado.